Fungu la Mchinjaji

Mimi ndiye mchinjaji wa kitongoji chetu, hapa mbele kidogo ya Rutamba, na nisingependa mtu anihukumu kabla sijamaliza kusema. Nikimaliza, yuko huru. Kisu nilirithi kwa baba yangu, na kazi yenyewe pia. Mbuzi wa mtu akilala chini asubuhi akakataa majani, kwetu haitwi daktari. Naitwa mimi. Mwenye mbuzi anakuja mlangoni kwangu, hata hodi haimalizi vizuri, anasema, "Mzee Abdurahmani, tuwahi." Maana yake tuwahi kabla mnyama hajafa kibudu, kwa sababu akifa mwenyewe hakuna Mwislamu atakayemla, nyama yote inafukiwa, hasara tupu. Basi natoka na kisu na birika la maji, namlaza mbuzi kuelekea kibla, bismillahi, na ikifika adhuhuri nyumba tano zinanukia mchuzi. Fungu langu ni shingo na kipande cha ini. Hivyo ndivyo tulivyo. Mbuzi kwetu haugui. Ama ni mzima, ama yumo chunguni.

Adija ni mtoto wa dada yangu, Mwanahija. Kwa sisi Wamwera mtoto wa dada ana mjomba wake, na jambo lake kubwa haliamuliwi mpaka mjomba aseme. Baba yake alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na anayatafuta hukohuko mpaka leo. Mimi mwenyewe nina wanangu wawili wa kiume huko, watu wazima, wananikumbuka wakisikia minada ya korosho imefunguliwa. Wananiuliza hali ya afya kisha bei ya kilo. Kwa hiyo nikisema Adija ndiye aliyekuwa mtoto wangu, sikosei sana.

Tangu ana miaka sita alikuwa ananifuata kwenye kuchinja. Watoto wengine wanakuja kwa sababu ya nyama. Yeye alikuwa anangoja nimalize kuchuna, kisha anachuchumaa mbele ya matumbo na kuanza maswali. Hii nini, mjomba? Mbona hili pafu lina rangi hii na lile rangi ile? Nilimjibu nilichokijua, nisichokijua nilitunga. Siku moja, akiwa na miaka kumi na miwili, tulipasua ini la mbuzi akachokonoa kwa kijiti, akatoa minyoo mipana mipana, akaniambia, "Mjomba, huyu hakuwa wa kufa. Ilikuwa minyoo tu. Angepona." Watu waliokuwapo wakacheka, wakaanza kumwita bibi mifugo. Na mimi nilicheka. Kumbe mwenzangu hakuwa anatania.

Sekondari alisoma Lindi mjini, akikaa Mtanda kwa shangazi yake. Akarudi na cheti chenye baiolojia na kemia nzuri, akapata kibarua katika duka la pembejeo Rutamba, anauza salfa ya mikorosho na dawa za minyoo. Jioni anapita kwangu. Ananitilia maji ya kuoga, ananisomea ujumbe kwenye simu, ananigombeza kwa chumvi. Nilizoea. Mtu wa umri wangu akizoea kugombezwa na mtu mmoja, akikosa siku mbili anaona nyumba haina mlango.

Halafu ikaja ile Jumapili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umevaa kama unakwenda harusini?"

Akakaa kwenye mkeka, akafungua daftari. "Nimepata chuo, mjomba. Morogoro. Stashahada ya afya ya mifugo, miaka mitatu. Mama amesema nije kwako."

Alikuwa ameandika kila kitu. Ada, malazi, chakula, magauni ya kazi na viatu vya mpira, nauli mbili kwa mwaka: milioni mbili na nusu, mara tatu. Upande wa pili aliandika mikorosho tisini ya mama yake. Wakiikodisha kwa mfanyabiashara misimu mitano, fedha ingetosha kumvusha. Chini akapiga mstari, akaandika mapato. Akiajiriwa serikalini, laki tano na kitu kwa mwezi. Asipoajiriwa, anarudi hapa kitongojini, anafungua duka la dawa za mifugo, anatibu. Hilo la kurudi aliliandika ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya hesabu zote, kwa herufi kubwa: NARUDI NYUMBANI.

"Unarudi umtibu nani?" nikamuuliza.

"Mbuzi, mjomba."

"Mbuzi yupi? Humu kitongojini kuna mbuzi aliyewahi kuugua akalala usiku wa pili?"

Hakucheka. "Nikiwapo mimi wataugua na watapona."

Nasema wazi, sikutaka aende. Hesabu za mikorosho zilikuwa sawa, Mwanahija angevumilia misimu mitano kwa muhogo na mbaazi, amekwisha kuvumilia makubwa kuliko hayo. Tatizo lilikuwa mimi. Niliwaza miaka mitatu ya jioni bila mtu wa kunigombeza. Lakini mjomba hawezi kumwambia mtoto wa watu, baki, nitakuwa na hamu nawe. Mjomba lazima aonekane ana sababu. Nikatafuta sababu, na niliyoipata ilikuwa nzuri mno.

"Sikiliza," nikamwambia. "Mimi si mtu wa kukataa elimu. Lakini mikorosho ya mama yako haikodishwi kwa matumaini. Chukua daftari lako, zunguka kitongoji hiki siku arobaini. Kila mnyama anayeugua, mwandike. Mwulize mwenyewe, daktari angekuja, ungempa shilingi ngapi? Ukijumlisha ukapata hata laki moja na nusu, nitakwenda mimi kwa mfanyabiashara, tukodishe. Isipofika, tusiongee tena habari hii."

Akanipa mkono. Alifurahi, maskini. Alifikiri mjomba wake ni mtu wa haki. Hakujiuliza ni nani anayewafikia wale mbuzi kabla yake.

Zile siku arobaini alitembea mpaka kandambili zikamkatikia. Alitoka dukani saa tisa, anapita nyumba kwa nyumba na kalamu nyuma ya sikio, anauliza watu maswali wasiyowahi kuulizwa tangu wazaliwe. Ukimwuliza mtu wa kwetu angempa daktari kiasi gani kwa mbuzi, anakutazama vile vile ambavyo angekutazama ukimwuliza angelipa kiasi gani kumnyoa kuku. "Nimlipe na bado mbuzi aweze kufa?" wakamwambia. "Mzee Abdurahmani yupo, anachukua shingo, tunakula."

Mtu mmoja tu hakusita. Mwalimu Grace, mgeni kwetu, Mkristo wa Masasi, anafuga nguruwe wanne nyuma ya nyumba ya walimu. Alimwambia Adija angelipa elfu ishirini hapo hapo, tena angeongeza chai. "Wa kwangu hana wa kumkimbilia na kisu," alisema. Adija alinisimulia huku anacheka, kwamba mteja wake pekee wa uhakika ni nguruwe, na bado hajui atamshikaje. Nikacheka naye. Ile jioni tulikuwa vizuri sana, na mimi moyoni nilikuwa nahesabu siku zilizobaki.

Siku ya thelathini na mbili, Hussen, jirani yangu wa upande wa kisima, alikuja mbio. Mbuzi wake alikuwa anazaa tangu alfajiri na mtoto hatoki. "Tuwahi, mzee."

Nilipofika nilimkuta Adija yuko pale tayari, siku hiyo hakwenda dukani. Amepandisha mikono ya gauni, povu la sabuni mpaka kwenye kiwiko, amepiga magoti kwenye majani ya muhogo. Hakunisalimu hata, na si kawaida yake.

"Kichwa cha mtoto kimegeukia nyuma, mjomba. Nimekigusa. Nikipata nusu saa nakirudisha, anatoka. Kuna mwingine nyuma yake."

"Umejifunza wapi?"

"Kwenye kitabu, na kwako. Nimeona matumbo mangapi?"

Hussen alikuwa amesimama katikati yetu, anamtazama yeye, ananitazama mimi. Yule alikuwa mbuzi wake wa kwanza wa uzazi, alimnunua kwa fedha ya ufuta. Akaniuliza, "Mzee, unasemaje?"

Nikamwinamia mnyama. Nimechinja mbuzi ambao sijui idadi yao, na jicho la mbuzi anayekufa nalijua kuliko ninavyoijua sura ya wanangu. Linatulia, linakuwa na ukungu, masikio yanapoa. Huyu masikio yake yalikuwa ya moto. Nilipopitisha kidole mbele ya jicho, alikifuata. Yule mbuzi hakuwa anakufa. Alikuwa amechoka tu. Nusu saa angeiweza, hata saa nzima.

Na mimi nikawaza hivi, kwa haraka, kama mtu anavyowaza jambo baya: akimzalisha huyu, leo adhuhuri Hussen atasimulia msikitini, kesho kila mtu ataita Adija, na zile siku nane zilizobaki daftari litajaa. Litajaa, na yeye atakwenda Morogoro. Nilifika hapo nikasimama. Sikuwaza hatua moja mbele. Sikuwaza kwamba kitongoji chenye kumwita Adija ndicho kitongoji ambacho Adija angekirudia.

Nikasema, "Tuwahi."

Adija alitoa mkono wake taratibu. Akasogea pembeni, kwa sababu mjomba akisema amesema. Nikachinja. Tulipopasua, pacha wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, kichwa kimekaa vile vile alivyosema yeye. Wa pili alikuwa hai. Adija akamfuta pua kwa upindo wa kanga, akampulizia, na yule mtoto akapumua mara nne au tano juu ya mapaja yake, kisha akaacha. Akamweka chini. Akanawa mikono, akakausha, akachukua daftari, akaandika. Hussen akanikatia shingo, na mimi nikaipokea. Nikaenda nayo nyumbani, nikaila kwa wali.

Siku arobaini zilipotimia alikuja jioni kama kawaida yake. Alinitilia maji ya kuoga kwanza. Kisha akakaa mkekani, akasoma bila kupandisha sauti.

"Wanyama thelathini na mmoja, mjomba. Ishirini na sita umewawahi wewe. Wanne walipona wenyewe. Mmoja ni nguruwe wa Mwalimu Grace. Jumla ya ahadi zote, elfu sitini na tano."

"Haikufika," nikasema.

"Haikufika."

Nilikuwa nimeshinda, na nilijikaza nisionyeshe. "Basi, mwanangu, pengine Mwenyezi Mungu hakupanga."

"Mungu tumwache, mjomba," akasema, kwa adabu zote. "Hesabu ni yako na nimeikubali. Imenifundisha. Hapa hakuna kazi yangu."

Nikamwambia nitampa mbuzi wawili aanze ufugaji wake, na duka la pembejeo si kazi mbaya. Akaniacha nimalize. Kisha akasema amempigia Lightness. Huyu ni msichana aliyesoma naye Lindi mjini, baba yake alihamishiwa Tabora. Kule wafugaji wa ng'ombe wamejiunga, wana ushirika wao, wanatafuta vijana wa kuwasomesha. Ushirika unalipa kila kitu, ada mpaka viatu. Likizo zote kijana anakwenda kwao kujifunza kwa vitendo. Akimaliza anawafanyia kazi miaka mitano kwa mshahara.

"Chuo ni kilekile cha Morogoro," akasema. "Kazi ndiyo Tabora. Wana ng'ombe maelfu, na hakuna mtu anayemkimbilia na kisu ng'ombe wa milioni na nusu kwa sababu amekataa majani asubuhi. Nimesaini jana. Mikorosho ya mama ibaki ilivyo, usisumbuke."

Ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa na neno tena. Neno langu lote lilikuwa limekaa kwenye ile mikorosho tisini, na yeye ameipita pembeni bila kuigusa. Niliona daftari limefunguka ukurasa wa kwanza. Lile neno la herufi kubwa lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, kwa rula.

"Adija," nikamwambia, na hapa sauti yangu haikuwa ya mjomba, ilikuwa ya mtu tu. "Baki. Nenda chuo, mama yako akodishe, lakini urudi hapa. Kisu nitakiweka chini. Kila atakayekuja kwangu nitamwambia aende kwako."

Akafunga daftari. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo.

"Ungesema hivyo kwa Hussen, mjomba, ningerudi hata kwa elfu kumi kwa mwezi. Ulimwona yule mbuzi jicho. Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Aliondoka baada ya wiki mbili na begi moja. Mama yake alilia, mimi nilibeba begi. Njiani tuliongea habari za mvua.

Siku hizo ndipo nilipojifunza kupiga hesabu zangu mwenyewe, maana naye kanifundisha njia. Gharama: miaka mitatu ya chuo, mitano ya kazi, jumla minane. Nilikuwa na hamsini na minane. Mapato: shingo ishirini na sita na vipande ishirini na sita vya ini. Kila nikiijumlisha inatoka vile vile.

Sasa ni mwaka wa pili. Kisu hakijaacha kazi, bado naitwa. Lakini mwaka jana, mbuzi mwingine wa Hussen alivimba tumbo baada ya kula majani mabichi ya maharage, na Hussen alipofika mlangoni nilimwambia, "Tungoje kidogo." Akadhani naumwa. Nikampigia Adija. Akapokea mlio wa kwanza, akaniambia nimsimamishe miguu ya mbele kwenye mwinuko, nimnyweshe mafuta ya kula polepole asipaliwe, nimsugue ubavu wa kushoto, nimtembeze. Tulimsugua mimi na Hussen kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi. Kabla ya alasiri mbuzi akatoa upepo, akaanza kutafuta majani. Hakuna aliyelipa shilingi, na mimi nilikosa shingo. Usiku ule nilikula mlenda na nikalala vizuri.

Tangu hapo watu wameanza kungoja. Wanakuja kwangu na mimi nampigia. Wapo wanaouliza, mbona yule bibi mifugo harudi, tungemchangia. Waliulizwa wakati wao, na mimi niliulizwa wangu.

Tatizo ni kwamba nikimpigia kumsalimu, yuko darasani, au yuko zizini mikono imejaa. "Mjomba, nitakupigia," anasema, na jioni anasahau, kijana ana mambo mengi. Lakini nikisema kuna mnyama anaumwa, anasimama hapo hapo. Anauliza, anafikiri, ananifokea nisimwage dawa. Ananigombeza kabisa kama zamani. Na kitongoji chetu ni kidogo, hakiwezi kutoa mgonjwa kila siku ninayotaka kumsikia.

Basi nikaanza kuwaumwisha mimi, kwa mdomo tu. Mwezi wa Rajabu nilimpigia kuhusu beberu anayekohoa. Shaabani, jike anayechechemea. Ananipa maelekezo marefu, naitikia ee, ee, nimekaa kibarazani peke yangu na hakuna hata unyoya wa kuku karibu. Mwanahija ananiona, anapita zake.

Juzi alikuwa Tabora, likizo. Nyuma yake nilisikia ng'ombe wengi, na mtu anapiga mluzi.

"Ni mbuzi wa nani leo, mjomba?"

"Wa jirani."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu," nikasema. "Hapana, ana weupe kidogo."

"Ana joto?"

"Hana."

"Anaumwa nini hasa?"

"Majani hayali vizuri. Anakaa tu mlangoni, anatazama njia."

"Tangu lini?"

Nilitaka kusema tangu jana. Mdomo ukasema, "Tangu mwaka juzi."

Mpiga mluzi akaacha, hata wale ng'ombe sikuwasikia tena. Nikadhani simu imekatika, nikaiondoa sikioni kuitazama, namba zilikuwa bado zinahesabu. Nikairudisha.

"Huyo hana dawa ya dukani," Adija akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Msimwahi. Mwambie ale, hata kidogo kidogo. Mwambie bado miaka sita, mjomba."

Nikamwambia nitamwambia.